Namna ya Kuandaa Dansi ya Opera ya Paris ya Karne ya 17 kutoka Nakala za Kale hadi Mikononi mwa Wapigaji

Mwongozo huu umekusudiwa mwalimu wa muziki, kiongozi wa kwaya au mwanafunzi wa sanaa za jukwaani anayesoma nota za mistari mitano, hata kama alianza na solfa kanisani kama wengi wetu tulivyoanza, na ambaye angependa kuichukua dansi moja iliyochezwa katika Opera ya Paris wakati wa mfalme Louis XIV, kuitafuta katika nakala zake za kale, kuinakili upya kwa usahihi, na hatimaye kuwapa wapigaji na wachezaji karatasi wanazoweza kuzitumia. Kazi hiyo inawezekana leo bila kusafiri, kwa sababu sehemu kubwa ya nakala hizo imepigwa picha na kuwekwa wazi na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa katika tovuti yake ya Gallica.

Opera ya Paris, ambayo jina lake rasmi lilikuwa Académie royale de musique, ilianza kwa kibali alichopewa mshairi Pierre Perrin mwaka 1669, na mwaka 1672 kibali hicho kikaingia mikononi mwa mtunzi Jean-Baptiste Lully, mzaliwa wa Florence aliyekulia Ufaransa. Kuanzia mwaka 1673 kampuni hiyo ilitumia ukumbi wa Palais-Royal. Opera za Lully za matendo matano zilikuwa na sehemu ya nyimbo na dansi katika kila tendo, na kwa hiyo mwanamuziki anayetafuta dansi za jukwaani za kipindi hicho hakosi la kuchagua. Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja mkubwa, yaani pasakalia (dansi inayojengwa juu ya besi inayojirudia) iliyomo katika tendo la tano la opera ya Armide, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Februari 1686, na pale inapofaa nitataja kazi nyingine.

Jambo moja linapaswa kueleweka kabla ya hatua ya kwanza, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote: hakuna karatasi hata moja kati ya hizi iliyoandikwa ili ikwambie kila kitu. Kitabu kilichochapishwa kilitengenezwa kwa ajili ya mnunuzi, nakala ya mkono ya ukumbini kwa ajili ya mpigaji aliyekwisha kuujua muziki, na nakala ya maktaba ya mfalme kwa ajili ya kuhifadhi kumbukumbu. Kila moja iliacha mambo ambayo mtumiaji wake hakuyahitaji, na kazi yako ni kuzisoma kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: chagua dansi moja na uijue hafla yake

Usianze na opera nzima. Chagua dansi moja, kisha tafuta kijitabu cha maneno ya opera hiyo, ambacho wafaransa huita livret. Vijitabu hivi vilichapishwa kwa ajili ya watazamaji, na vina faida mbili ambazo kitabu cha nota hakina: vinaeleza nani anaingia jukwaani na kwa sababu gani, na mara nyingi vinaorodhesha majina ya wachezaji wa kila sehemu. Kwa pasakalia ya Armide, kijitabu kinaonyesha kwamba mchawi Armide ameondoka na kumwacha shujaa Renaud mikononi mwa Raha (wahusika wanaowakilisha starehe) na kundi la wapenzi wenye furaha, ambao wanapaswa kumburudisha hadi atakaporudi. Habari hiyo si pambo. Inakueleza kwamba dansi hii ni ndefu kwa makusudi, kwamba ni ya kubembeleza na si ya shangwe, na kwamba baada ya ala kumaliza, mwimbaji na kwaya wanaendelea juu ya besi ya namna ileile bila kuvunja mwendo. Atakayeikata pasakalia hiyo pale ala zinapoishia bila kujua kinachofuata atapata kipande kizuri cha tamasha, lakini hatakuwa amekielewa.

Andika pia tarehe za maonyesho ya marudio. Armide ilirudishwa jukwaani mara nyingi, kwa mfano mwaka 1703, 1713, 1724, 1746 na 1761, miongo mingi baada ya Lully kufariki mwezi Machi 1687, na kila mara watu wa ukumbini walikuwa na uhuru wa kukata, kuongeza na kupanga upya. Nakala utakayoipata inaweza kuwa ya onyesho lolote kati ya hayo.

Hatua ya pili: kusanya nakala zote unazoweza kuzipata

Kwa kazi za Lully, anza na orodha ya Herbert Schneider iliyotolewa mwaka 1981, ambayo hutajwa kwa herufi LWV. Kila kazi ina namba yake humo: Atys ni LWV 53, Isis ni LWV 54, Armide ni LWV 71, na kila kipande ndani ya kazi kina namba yake ndogo baada ya mkwaju (/). Namba hiyo inakuokoa pale ambapo dansi moja imenakiliwa katika vitabu kumi chini ya majina tofauti. Kwa dansi zilizoandikwa kwa alama za hatua kuna orodha mbili kuu, moja ya Meredith Little na Carol Marsh ya mwaka 1992 na nyingine ya Francine Lancelot ya mwaka 1996.

Utakapokuwa unasoma orodha hizo na hifadhidata ya kimataifa ya vyanzo vya muziki, RISM, utakutana na vifupisho vya maktaba. F-Pn ni Maktaba ya Taifa mjini Paris, F-Po ni maktaba ya Opera iliyomo katika jengo la Palais Garnier, na F-V ni maktaba ya mji wa Versailles. Hizo tatu zitakutosheleza kwa sehemu kubwa ya kazi, ingawa nakala nyingi zimetawanyika Uingereza, Ujerumani na Marekani.

Tengeneza jedwali lenye safu nne tu: mahali nakala ilipo, namba yake ya rafu, mwaka wake kama unajulikana, na aina yake. Safu ya aina ndiyo inayohitaji hukumu yako, na ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: tambua aina ya kila nakala

Hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka, na ndipo muda mwingi unapopotea baadaye. Kuna aina tano unazopaswa kuzitofautisha.

Ya kwanza ni kitabu kamili kilichochapishwa. Familia ya Ballard ilikuwa na haki ya pekee ya kuchapisha muziki kwa herufi za kupangwa, na Christophe Ballard ndiye aliyechapisha Armide mwaka huohuo wa 1686. Kitabu kamili kina sauti zote tano za ala za nyuzi, pamoja na waimbaji, na kwa kawaida ndicho msingi bora wa kuanzia. Hata hivyo, si kila opera iliyopata kitabu kamili wakati wa uhai wa mtunzi: Isis ilichapishwa mwaka 1677 kwa vitabu vya sauti moja moja, na Atys, iliyochezwa mwaka 1676, ilisubiri hadi mwaka 1689 ili kuchapishwa kama kitabu kamili.

Ya pili ni nakala fupi iliyochapishwa, ambayo ina sauti ya juu na besi, pamoja na waimbaji, huku sauti tatu za kati zikiwa zimeachwa. Vitabu vya namna hii vilienea kuanzia mwisho wa karne ya 17 kwa sababu vilikuwa na bei nafuu na vilimtosha mtu anayepiga nyumbani. Usidhani kwamba dansi iliyochapishwa kwa sauti mbili ilichezwa ukumbini kwa sauti mbili. Mfano wa kupotosha zaidi ni opera ya Les Indes galantes ya mtunzi Rameau, iliyochezwa mwaka 1735: kitabu chake cha kwanza kilichopanga muziki huo kama matamasha manne makubwa kiliondoa vipande katika mpangilio wa jukwaani na kuviweka upya kwa ajili ya wapigaji wa sebuleni. Anayetaka kujua dansi ipi ilifuata ipi hawezi kukitegemea kitabu hicho peke yake.

Ya tatu ni nakala za mkono zilizouzwa madukani. Katika mtaa wa Saint-Honoré, Henri Foucault alikuwa na duka lililouza muziki ulionakiliwa kwa mkono, na kazi ya waandishi wake ni nadhifu kiasi kwamba mgeni anaweza kuidhania kuwa ya mtunzi mwenyewe. Si ya mtunzi. Unadhifu wa mwandiko hauthibitishi usahihi wa nota.

Ya nne ni nakala za maktaba ya mfalme. André Danican Philidor, anayeitwa Philidor mkubwa ili kumtofautisha na jamaa zake, alikuwa mtunzaji wa maktaba ya muziki ya mfalme kuanzia mwaka 1684, naye pamoja na wasaidizi wake alinakili mamia ya kurasa za dansi zilizokuwa zimeanza kusahaulika. Bila yeye tusingekuwa na muziki wa dansi kubwa za ikulu zilizotangulia Opera, kama Ballet royal de la Nuit ya mwaka 1653, ambamo Louis XIV akiwa na umri wa miaka 14 alicheza kama Jua. Lakini Philidor alinakili kile kilichokuwa kimesalia, tena miongo kadhaa baada ya onyesho, na kwa dansi nyingi za zamani sauti za kati hazimo.

Ya tano, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote, ni karatasi za ukumbini zenyewe: kitabu cha kiongozi na vitabu vya sauti moja moja vilivyowekwa mbele ya wapigaji. Utazitambua kwa uchafu wake. Zina mistari ya kufuta, vipande vya karatasi vilivyobandikwa juu ya nota za zamani, kurasa zilizoshonwa pamoja ili mpigaji azipite, majina ya waimbaji na wachezaji pembeni, na maelekezo mafupi ya kusubiri au kurudia. Ukumbi wa Palais-Royal uliungua mwaka 1763, na ule uliojengwa mahali pake ukaungua mwaka 1781, hivyo kila kitabu cha sauti kilichobaki kinastahili kusomwa ukurasa kwa ukurasa. Kumbuka tu kwamba kinaweza kuonyesha desturi ya marudio ya baadaye: sauti ya chini kati ya zile tatu za kati za nyuzi, yaani quinte, ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, na kwa hiyo nakala ya ukumbini isiyo nayo inakueleza habari za ukumbi wa wakati huo, si za Lully.

Hatua ya nne: soma karatasi kabla ya kusoma nota

Kama una picha za intaneti tu, hatua hii ni fupi. Angalia mpangilio wa kurasa, hesabu kurasa zilizorukwa, na kuza picha palipo na kivuli cha mstatili, kwa sababu kivuli hicho ni ukingo wa karatasi iliyobandikwa. Kama umefika maktabani, omba ruhusa ya kuangalia kwa mwanga alama ya maji (alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi), tumia penseli pekee, shika karatasi kwa mikono safi na mikavu, na usilazimishe kitabu kufunguka zaidi ya mto kilicholazwa juu yake unavyoruhusu.

Kuna alama moja ndogo inayosaidia katika hali zote mbili. Mwishoni mwa kila mstari wa nota, waandishi wa wakati huo waliweka mkwaruzo mdogo mahali itakapokuwa nota ya kwanza ya mstari unaofuata. Iwapo mkwaruzo huo haulingani na nota inayofuata, kuna jambo: ukurasa umepotea, kipande kimebandikwa, au mwandishi ameruka mstari. Ni ukaguzi wa haraka kuliko wowote ninaoufahamu, na ufanye katika kila ukurasa.

Hatua ya tano: nakili nota upya

Tumia programu yoyote ya kuandikia nota. MuseScore ni ya bure na inatosha. Nakili kwanza kila kitu kama kilivyo, pamoja na funguo za kale, halafu utengeneze nakala ya pili yenye funguo za kisasa. Usiunganishe kazi hizo mbili, kwani ukibadilisha ufunguo huku unanakili hutajua kosa limetoka kwako au kwenye chanzo.

Sauti tano za nyuzi zinaandikwa kutoka juu kwenda chini kama ifuatavyo: dessus kwa ufunguo wa G kwenye mstari wa chini kabisa, haute-contre kwa ufunguo wa C kwenye mstari wa kwanza, taille kwa C kwenye mstari wa pili, quinte kwa C kwenye mstari wa tatu, na basse kwa ufunguo wa kawaida wa F. Ufunguo wa dessus huwatisha wanaouona kwa mara ya kwanza, lakini una njia ya mkato: majina ya nota ni yaleyale ya ufunguo wa besi, ila yamepanda oktava mbili. Anayeimba besi katika kwaya atausoma papo hapo. Sauti tatu za kati zote zilipigwa kwa viola za ukubwa mbalimbali zenye nyuzi zilizofungwa kwa sauti zilezile, kwa hiyo katika nakala ya kisasa zote tatu zinaweza kuandikwa kwa ufunguo wa viola. Besi ilipigwa kwa ala kubwa kuliko selo ya leo, na uzi wake wa chini ulifungwa kwa nota ya B flati. Ukikuta nota hiyo chini ya uwezo wa selo, usiifute, bali mpe mpigaji oktava ya juu kwa nota ndogo na uache ya asili ionekane.

Chapa za Ballard zina nota zenye vichwa vya umbo la almasi, na nota fupi zina vikia vyake kila moja badala ya kuunganishwa kwa mstari. Katika nakala ya kisasa unaweza kuziunganisha, ila fuata mapigo ya kipimo na usibuni makundi yanayopendekeza mkazo ambao chanzo hakina.

Shapu na flati zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika kipindi hiki shapu hutawala nota iliyo mbele yake, na mara nyingine nota hiyohiyo ikirudiwa mara moja, lakini haitawali kipimo kizima kama leo. Zaidi ya hayo, alama ya kurudisha nota katika hali yake ya kawaida ilikuwa adimu: flati hufuta shapu, na shapu hufuta flati. Kwa hiyo Fa yenye flati, baada ya Fa shapu, kwa kawaida ni Fa ya kawaida, na anayeisoma kwa desturi ya leo atapata Mi. Alama za mwanzoni mwa mstari nazo mara nyingi zina flati moja pungufu katika tonaliti ndogo, na flati iliyokosekana huandikwa ndani ya muziki inapohitajika. Weka shapu na flati zako za nyongeza juu ya nota au ndani ya mabano, ili mpigaji aone kipi ni cha chanzo na kipi ni chako.

Usiongeze sauti ya harpsikodi bila kufikiri. Katika vitabu vya opera za Lully, besi ya waimbaji ina tarakimu za kumwongoza mpigaji wa harpsikodi, ilhali besi ya dansi kwa kawaida haina tarakimu yoyote, na wataalamu wametoa hoja yenye nguvu kwamba katika dansi harpsikodi ilinyamaza na kuuacha muziki kwa ala za nyuzi na za kupulizwa. Vivyo hivyo kuhusu ngoma na matari yanayosikika katika rekodi nyingi za kisasa: yanafurahisha, na mtu wa pwani yetu atayapokea kwa mikono miwili, lakini nakala hazina sauti zake ila katika mahali pachache.

Hatua ya sita: amua kuhusu sauti za kati

Kama nakala zako zote ni za sauti mbili, una njia mbili za halali. Ya kwanza ni kupiga dansi kwa sauti ya juu na besi, kama wanunuzi wa nakala fupi walivyofanya majumbani mwao. Ya pili ni kutunga sauti tatu za kati mwenyewe. Njia hii ya pili haina aibu, kwa kuwa mapokeo ya karne ya 18 yanasimulia kwamba Lully mwenyewe alitunga sauti ya juu na besi, na mara nyingi akawaachia wasaidizi wake, akiwamo Pascal Collasse, kazi ya kuzijaza zile za kati. Soma kwanza dansi tatu au nne kamili za mwaka ulio karibu, uone jinsi viola zinavyotembea kwa hatua fupi bila kushindana na sauti ya juu, ndipo uandike. Sauti ulizozitunga zichapwe kwa nota ndogo.

Hatua ya saba: linganisha muziki na alama za hatua

Mwaka 1700 Raoul-Auger Feuillet alichapa kitabu kilichoeleza mfumo wa kuandika dansi, na zaidi ya dansi 300 zilizoandikwa kwa mfumo huo zimebaki, baadhi yake zikiwa ni za jukwaani. Pasakalia ya Armide ina bahati ya kuwa na dansi mbili: moja ya Guillaume-Louis Pécour kwa mwanamke mmoja, iliyochezwa na Mademoiselle Subligny huko Uingereza, na nyingine ya Anthony L'Abbé kwa wanawake wawili, iliyochapwa London karibu mwaka 1725. Pécour ndiye aliyemrithi Pierre Beauchamp kama mtunzi wa dansi wa Opera mwaka 1687, kwa hiyo ushahidi wake unatoka ndani ya ukumbi.

Ukurasa wa Feuillet unasomwa hivi. Juu kuna mstari wa nota zinazochezwa katika ukurasa huo tu. Chini yake ni sakafu ikionekana kutoka juu, upande wa juu wa ukurasa ukiwa ndio mbele, wanakokaa watazamaji wakuu. Mstari unaopinda ni njia ya mchezaji, alama zilizo kandokando yake ni hatua za mguu wa kulia na wa kushoto, na vistari vifupi vinavyoikata njia ni mipaka ya vipimo. Anza kwa kuvipa namba vipimo vya muziki wako, halafu uvipe namba vipimo vya njia, na ulinganishe hesabu hizo mbili. Zikilingana, endelea. Zisipolingana, usikimbilie kumlaumu mchapaji. Katika minueti, hatua moja kamili huchukua vipimo viwili vya mapigo matatu, hivyo njia inaweza kuwa na nusu ya idadi ya vipimo vya muziki. Katika dansi nyingine tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha marudio: nakala ya nota ina nusu mbili tu zenye nukta za kurudia, lakini hatua zinaendelea kwa mara nne ya nusu hizo, pengine na kurudia tena kifungu kidogo cha mwisho ambacho nota hazikukitaja kwa uwazi. Mchezaji hakuwa na njia ya kuandika "rudia" kwa mwili wake uliokwisha kufika upande mwingine wa jukwaa, kwa hiyo alama za hatua zinaandikwa zote hadi mwisho, na ndiyo maana katika suala la marudio naziamini kuliko kitabu cha nota.

Hatua pia zinakusaidia kupata kasi. Dansi nyepesi za kipimo cha 2 hubeba kundi moja la hatua kwa kila kipimo, lakini katika dansi nzito za taratibu, zile zenye mapigo manne ya utulivu, kipimo kimoja hubeba makundi mawili. Hesabu makundi hayo, kisha mwombe mchezaji aruke na kutua. Mwili wa mtu una muda wake wa kushuka kutoka hewani, na kasi ambayo haimruhusu kutua kwa utulivu si kasi ya dansi hiyo. Wapo waliojaribu kupima kasi kwa timazi wakati huohuo, kama Michel L'Affilard mwaka 1705, na tarakimu zake zinafaa kulinganishwa na kile unachokiona, ingawa wataalamu bado wanabishana kuhusu namna ya kuzisoma.

Hatua ya nane: andaa karatasi za wapigaji

Kwa upigaji wa nyuzi, mwalimu bora ni Georg Muffat, aliyekaa Paris akiwa kijana na baadaye akaeleza desturi za kundi la Lully katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1698. Kanuni kuu ni kwamba nota ya kwanza ya kipimo hupigwa kwa kuvuta upinde kwenda chini, na kundi zima huvuta kwa namna moja. Weka alama za upinde katika sauti ya juu kabla ya mazoezi, kisha uzihamishie katika sauti nyingine. Alama ndogo ya msalaba juu ya nota ni pambo, kwa kawaida mtikisiko unaoanza na nota ya juu. Iache kama ilivyo na uwaeleze wapigaji kwa mdomo. Nota fupi zinazokwenda kwa hatua hupigwa mara nyingi bila usawa, ya kwanza ikiwa ndefu kidogo kuliko ya pili, lakini kiasi cha tofauti hiyo kipatikane mazoezini na kisiandikwe.

Kundi lenye ala za kisasa lipige kwa sauti ya kawaida ya leo. Ukumbi wa wakati ule ulifunga ala karibu toni nzima chini, na kama una filimbi au obo za kuigiza za kale, hakikisha zote zimetengenezwa kwa kiwango kimoja, karibu hezi 392, kabla ya kuwaita watu mazoezini.

Kuhusu haki, muziki wa Lully na alama za Pécour haumilikiwi na mtu. Matoleo ya kisasa yaliyohaririwa yanalindwa, na hata pale picha za maktaba zinaporuhusiwa kutumika bila malipo kwa masomo, matumizi ya biashara huwa na masharti yake. Yasome katika ukurasa wa maktaba husika.

Katika ukurasa wa kwanza wa nakala yako taja chanzo kikuu kwa jina la maktaba na namba ya rafu, vyanzo vya kulinganisha, na orodha ya kila mahali ulipobadilisha nota, kipimo kwa kipimo. Kwa pasakalia ndefu kama ya Armide, weka namba ya kipimo mwanzoni mwa kila fungu la vipimo vinne, kwa sababu besi hurudi kwa mafungu hayo na mazoezini ndiyo yatakayotajwa. Panga kugeuza ukurasa kwa sauti ya juu na besi katika vipimo tofauti, maana muziki huo hauna pumziko la kutosha hadi mwimbaji aingie.